Nani Atafukia Nyasi

Ulimwona. Usiseme ulikuwa na shughuli zako, maana shughuli zako zilikuwa hapo hapo, ng'ambo ya bonde. Huku Matiri mlima unatazamana na mlima kama watu waliokalia vigoda jikoni. Wa huku akikohoa, wa kule anajua ni kikohozi cha nani. Mvua zote hizi ulimwona Aurelia wa Mansuetus kwenye ule mteremko aliouacha mama yake, sare ya shule mwilini kwa kukosa muda wa kubadili, anainua jembe, analishusha, anainua, analishusha, mpaka giza linamfuta. Ulimwona akikaa chini ghafla na kushika kifua. Ukageuza shingo, ukaendelea kupalilia kahawa yako, ukasema, "Ndiyo umri wenyewe huo, utampita."

Lakini siku mwanamume aliposhika jembe lile lile kwenye mteremko ule ule, macho yako yakawa ya mwewe. Ukawaita na wenzako waje waone.

Basi kaa hapo usikie jinsi Gaudiosa na Joakim walivyoachana. Mkono wako umo.

Asiye wa kwetu aelezwe kwanza. Miteremko yetu hailimwi hivi hivi. Mvua moja tu ingeukomba udongo wote ukalala mtoni. Mwanamume anafyeka majani, anayaacha yanyauke, kisha anayalaza kwa mistari inayokatana, mpaka shamba zima linakuwa miraba miraba kama bao la drafti. Hapo kazi yake imekwisha, ananawa mikono. Mwanamke ndiye anaingia na jembe, anachimba katikati ya kila mraba na kuutupia udongo juu ya zile nyasi, mpaka katikati panabaki shimo la kushika maji na kandokando tuta la kupanda maharage. Hiyo ndiyo ngolo. Mume analaza, mke anafukia. Wazee walioipanga hawakuwa wajinga, ngolo ndiyo imeushikilia mlima huu usitukimbie. Ila walisahau kusema, mke akifa, afukie nani.

Tadea, mke wa Mansuetus, alikufa wakati mtoto wake wa mwisho ndiyo kwanza anavunja ungo. Damu ya kwanza ilimkuta Aurelia msibani, amekaa kwenye jamvi katikati ya wanawake waliokuwa wanaimba. Akadhani na yeye anakufa. Shangazi yake Ephrasia alimvuta nyuma ya nyumba, akampa kipande cha kanga na sentensi moja: "Sasa umekua, acha kulialia." Hayo ndiyo mafunzo yote aliyopata kuhusu mwili wake, na hayo ndiyo maombolezo yote aliyoruhusiwa. Kesho yake akapewa na jembe la mama.

Dada yake, Gaudiosa, alikuwa tayari mtu mzima, fundi cherehani pale Mbinga mjini, chumba chake mwenyewe, wateja wake mwenyewe. Alikuwa anapanda Matiri Jumamosi na kuondoka Jumapili jioni. Jumamosi Aurelia alikuwa anaoga, anasuka, anatabasamu. Gaudiosa aliona nyusi za mdogo wake zinapungua, akadhani ni mitindo ya wasichana wa sekondari. Hakujua kwamba mtoto anazing'oa mwenyewe, unywele mmoja mmoja, kila mwalimu anapotangaza mtihani. Hakujua analala darasani na kuchapwa kwa kulala. Anayekuja Jumamosi anaona Jumamosi.

Na Jumamosi nyingine alikuwa anachelewa kufika kwa sababu ya Joakim.

Joakim ni mtu wa ziwani, Mbamba Bay, anayepandisha dagaa kuja kuuza soko la Mbinga. Alianza kwa kuleta suruali iliyochanika gotini. Wiki iliyofuata akaleta nyingine iliyoachia mshono. Wiki ya tatu akaleta suruali isiyo na tundu hata moja. Gaudiosa aliigeuza huku na huku, akamuuliza ina tatizo gani. Joakim akasema hata yeye hajui, ndiyo maana ameileta kwa fundi. Tangu hapo hakuwahi tena kuleta suruali. Alileta dagaa, na samaki aina ya magege waliobanikwa wakafungwa kwenye majani ya mgomba, na macho yake. Gaudiosa akishona alikuwa anayasikia yale macho shingoni, kama jua la asubuhi linapopita kwenye ufa wa dirisha. Posa ilikwenda, ikapokewa. Harusi ilikuwa iwe baada ya Pasaka.

Sasa ile siku. Joakim alipanda Matiri peke yake kumsalimia mkwe, furushi la dagaa begani. Nyumbani hapakuwa na mtu. Akamwona Aurelia kule juu, amepiga magoti ndani ya shimo la ngolo, jembe limelala, anahema kwa kukata pumzi kama samaki aliyetupwa mchangani. Joakim ameona watu wakitolewa majini, akajua huyu anazama, na hapa hakuna maji. Akakaa kando yake bila kumgusa. Akamwambia ahesabu naye pumzi, polepole, kama wavutao nyavu. Ilipotulia, mtoto akasema maneno ambayo hakuna aliyewahi kuyasikiliza:

"Shemeji, kila jioni kuna mtu ananikalia kifuani. Nikiwaambia wananiambia nina kiburi."

Joakim alimwambia apumzike kivulini pa migomba, kisha akalichukua jembe la Tadea, akaanza kufukia. Alifukia vibaya, kama mtu wa ziwani, udongo mwingine ukienda ulikotaka wenyewe. Lakini alifukia.

Ng'ambo ya bonde mbinja zikalia. Kuna aliyepaza sauti kwamba mke wa Mansuetus amefufuka, tena na ndevu. Mlicheka, mlima ukawarudishia kicheko chenu. Jioni kilabuni, Mansuetus alikuta habari imemtangulia na imekwishanenepa. Kwetu mwanamume anayefukia nyasi maana yake ni moja tu: nyumba hiyo haina mwanamke, na mwenye nyumba hana ndugu.

*

Jumapili baada ya misa walikaa. Shangazi Ephrasia alikuja na kitenge kipya na maneno ya zamani. Aurelia alikuwa jikoni, mlango umeegeshwa, anasikia kila kitu. Watoto wa umri ule husikia hata tusichosema.

Mansuetus hakupokea shikamoo ya Joakim mara ya kwanza. Aliipokea ya pili, kwa pua. Alieleza kwa kirefu, bila kupandisha sauti, kwamba amelima mlima huu tangu ujana, hajawahi kuchekwa, na leo mtu aliyempa binti yake amemtangaza kwa Matiri nzima kuwa ni mgane asiye na watu.

"Baba, sikutaka kukuaibisha. Mtoto alikuwa anaumwa."

"Mtoto haumwi. Mtoto ana umri wa miaka kumi na mitano."

Shangazi akaingilia kwamba hata yeye alikuwa na umri huo, na alifukia, na hakufa. Hakuna aliyemuuliza kama kuna mtu aliyemfukia na yeye, siku zile, akiwa hai. Akatoa masharti: Joakim aje kwenye jumuiya, aseme mbele ya watu kwamba alikuwa anafanya mzaha, kwamba watu wa ziwani hawajui desturi. Aombe radhi, harusi iendelee.

Joakim akakubali papo hapo. Akasema hata kama ni kusema alikuwa amelewa, atasema. Aibu yake ataimeza kama dagaa, na kichwa chake. Gaudiosa alimtazama, na moyo wake ukamwendea pale alipokaa, ukamkalia mapajani mbele ya baba na shangazi bila haya. Laiti yule mwanamume angenyamaza hapo.

"Nina ombi moja," Joakim akasema. "Tukioana, Aurelia aje akae na sisi. Shule zipo kule ziwani. Asibaki peke yake na mlima."

Jikoni sufuria ziliacha kugongana.

"Nani atafukia nyasi?" akauliza Mansuetus.

Usimchukie upesi. Gaudiosa naye alitaka kumchukia, akasema kile ambacho binti hamwambii baba: kwamba baba ana mikono. Shangazi akashika mdomo. Mzee aliitazama mikono yake kama kitu alichoazimwa.

"Jembe lile ni la mama yako," akasema. "Mimi nalaza nyasi kama nilivyokuwa ninamlazia yeye. Zimenyooka kabisa, alikuwa hapendi mstari uende upande. Nikimaliza naondoka, nakaa mbali, nikirudi nakuta zimefukiwa. Nikilishika mimi jembe, Gaudiosa, ndiyo nimekubali kwamba hayupo."

Kumbe hiyo ndiyo siri ya ule mteremko. Mansuetus alikuwa bado anampenda mkewe, na penzi lile alikuwa analilaza kwa mistari iliyonyooka juu ya mgongo wa mtoto.

Akasimama. Akasema neno lake ni hilo: Gaudiosa yuko huru kwenda ziwani, Aurelia habanduki. Akaenda zake.

*

Joakim na Gaudiosa walisimama katikati ya mikahawa, mahali ambapo majani yanawaficha wachumba tangu enzi za bibi zao. Joakim alikuwa bado na matumaini, maskini. Alisema watafunga ndoa, wazee watalainika, Aurelia atakuja likizo. Gaudiosa alikuwa anaichuma kahawa mbichi bila kujua, punje moja moja, anaiangusha.

"Alikuambia nini siku ile?" akauliza. "Niambie maneno yake, usinilainishie."

Joakim akamwambia. Mtu anayekalia kifua. Kiburi. Gaudiosa alifumba macho, akaziona zile nyusi.

"Mimi ni dada yake. Nimemsuka nywele, uso wake uko mapajani kwangu kila Jumamosi. Amekuambia wewe."

"Mimi nilimkuta tu."

"Ndiyo. Wewe ulimkuta. Mimi nilikuwa nampitia."

Aliposema hivyo Joakim akajua. Mwanamume anayependa hujua kabla ya kuambiwa, kama mvuvi anavyojua wavu mtupu kwa uzito wa kamba. Akamshika mkono. Gaudiosa hakuutoa, aliuacha pale, apate wa kukumbuka.

"Narudi nyumbani, Joakim. Cherehani nitaihamishia hapa. Akitoka shule anikute. Akishika jembe, nishike. Mpaka asimame mwenyewe."

"Basi nitasubiri."

"Usinisubiri."

"Unanipangia na kusubiri?"

"Nikijua unanisubiri, kila gari linalopita nitageuza shingo. Na yeye ataiona ile shingo. Atajua ninakaa hapa kama mfungwa, na kwamba pingu ni yeye. Niache nikae kweli."

Joakim aligeukia kule ambako mlima unaanza kushuka kuelekea ziwa. Alikuwa mtu wa mzaha, na mzaha ulikuwa umemkimbia wote. Akauliza kwa nini wao wawili ndio walipe kosa la Matiri nzima. Watu wangapi wanalima ng'ambo ile? Wanawake wangapi wana majembe? Wakishuka asubuhi moja tu si nyasi zote zingefukiwa, mzee akapata heshima yake na mtoto akapumua? Gaudiosa akasema, wamemwona mvua zote hizi, Joakim. Hawashuki.

Huyo alikuwa anakusema wewe.

"Kuna jambo moja la mwisho nakuomba," akasema Gaudiosa. "Asijue ni kwa ajili yake. Akijua atalibeba mpaka kaburini, na kifua chenyewe kimejaa. Twende tukaachane mbele yake. Uniache kama mtu aliyechoka na mimi. Kwa utani, kama tunavyotaniana siku zote."

"Unataka nikuache ninacheka."

"Ndiyo."

"Hicho ndicho kitu kigumu kuliko vyote ulivyowahi kuniomba. Ile suruali bora ungeikata."

Hapo ndipo Gaudiosa alipolia, kwa muda mfupi sana, uso wake kwenye shati linalonuka moshi na ziwa. Akajifuta na upindo wa kanga. Wakapanda shambani.

*

Aurelia alikuwa ameshatoka jikoni kwa mlango wa nyuma, yuko kwenye mashimo yake, anafukia. Dada yake akaingia na jembe la pili. Joakim akabaki kwenye ukingo, mikono nyuma, safari hii hakugusa kitu.

"Shemeji," akamwita Aurelia, "mwamue dada yako. Ananikataa."

Jembe la Aurelia lilisimama hewani.

"Nimemkataa kweli," Gaudiosa akasema, akichimba. "Nimefikiri sana. Siwezi kuishi kwa watu wanaokula vitu vyenye macho asubuhi, mchana, jioni. Nitaota magamba."

"Sikia hiyo. Wenyewe mnalima ukutani kama mijusi. Kwetu mtu akiangusha kiazi anakiokota. Huku kiazi kikianguka unakwenda kukipokea kwa jirani, umebeba na salamu."

"Na mchanga wenu kwenye ugali."

"Na maharage yenu. Nilikaa kwenye misa kati ya Wamatengo wenu wawili, shemeji, nilidhani kinanda kimeharibika."

Aurelia akacheka. Alijaribu kukizuia kile kicheko kwa kiganja chenye udongo, kikapita katikati ya vidole. Tangu mama yake azikwe hakuna aliyewahi kukisikia. Kilikuwa kimekua humo ndani bila mtu kujua, kimekuwa cha msichana mkubwa, kina sauti ya Tadea kabisa. Gaudiosa na Joakim walitazamana juu ya kile kicheko. Wote wawili walijua bei yake, na wote wawili, nakuapia, wangeitoa tena.

"Haya," Joakim akasema. "Mimi sibembelezi. Ziwani wapo wanawake wanaojua kula. Wewe baki na ukuta wako. Shemeji, ukibanwa na yule wa kifuani, fanya nini?"

"Nahesabu kama wavutao nyavu."

"Na unamwambia nani?"

Aurelia akamtazama dada yake. "Namwambia dada."

"Basi. Hilo tu."

Akaokota furushi lake tupu, akashika njia ya mteremko. Alishuka kama anavyoshuka mtu wa tambarare, kwa visigino, akiteleza. Hakugeuka. Gaudiosa alikuwa amemwomba asigeuke, na mpaka pale njia inapoingia kwenye mikahawa alikuwa anaomba moyoni ageuke.

Wakafukia. Jembe kwa jembe, mraba kwa mraba, udongo ukinuka mvua. Kisha Aurelia, bila kuinua uso:

"Dada."

"Ee."

"Wewe samaki unapenda."

Gaudiosa aliinua jembe, akalishusha.

"Kila Jumamosi ulikuwa unaniletea. Unakula mpaka kichwa, unaninyonyea na miiba yangu." Sauti ya mtoto ilikuwa imeanza kutetemeka, pumzi zikikatika. "Dada, ni mimi, sivyo?"

Gaudiosa akaliacha jembe lianguke. Akamkumbatia pale pale ndani ya shimo, udongo kwa udongo, akaanza kumhesabia pumzi sikioni, polepole, kama alivyofundishwa na mtu ambaye wakati ule alikuwa bado hajafika hata barabarani. "Si wewe," akasema. "Si wewe. Si wewe." Lakini mlima mzima ulikuwa unasikia, na mlima ulijua ni nani.

Ni wewe. Uliyesimama ng'ambo, jembe mkononi, unatazama tena. Usiniambie habari za umri. Kabla ya Aurelia alikuwepo Ottilia, mlisema ana mapepo, mkamwacha mpaka akaondoka na mtu wa kwanza aliyemuuliza habari za asubuhi. Hakuna aliyemtafuta. Mimi sijasahau, na mama yake hajasahau.

Sasa tazama vizuri, maana kutazama unajua. Nyasi zilizobaki zinafika nusu ya mteremko. Mansuetus amekaa nyuma ya nyumba, mgongo kwa shamba, anasubiri akute zimefukiwa. Joakim amekaa njia panda kwenye furushi lake, na gari la kushuka ziwani halijapita bado. Wanawake wa kilima kimoja wakiingia humo kabla jua halijazama, mtoto ataweka jembe chini, mzee atakuwa na watu tena, na kuna mmoja mwenye mbio atafika njia panda, amrudishe Joakim.

Acha hiyo kahawa, haikimbii. Beba jembe. Shuka.